Mbabula ya udongo, mbabula ya chuma, na tanuru ya samaki: ipi kwa kazi gani?

Katika mkutano wa siku ya posho iliyopita mama mmoja alisimama na kuuliza swali ambalo wengi walikuwa nalo moyoni. Alisema: "Mulituambia tununue mbabula ya udongo. Nilinunua. Makala yanaisha sawasawa na zamani. Nani amenidanganya, muuzaji ao ninyi?"

Watu walicheka, lakini yeye hakucheka, na alikuwa na haki. Feza ya makala haitoki mfuko mwingine. Inatoka mfuko ule ule wa unga, wa sabuni na wa masomo ya watoto. Sisi tunaofundisha tunawajua asubuhi watoto ambao nyumbani kwao makala yaliisha jana jioni. Wanakuja bila uji, na saa nne kichwa kinalala juu ya dawati. Kwa hiyo tulimwahidi mama yule kwamba hatutamjibu kwa maneno ya haraka. Tulienda kwake, tukaketi jikoni pamoja naye tangu asubuhi hadi chakula cha jioni, tukaangalia. Mambo tuliyoyaona kule ndiyo yaliyotufanya tuandike habari hii.

Tuanze na mbabula ya chuma, ile ambayo fundi anaikata katika manjanja ao katika pipa la zamani. Wote tumekua nayo. Ni nyepesi, bei yake ni ndogo, inawaka upesi, na ikianguka haivunjiki. Ubaya wake ni mmoja: haishiki moto. Simama karibu nayo wakati makala yamekolea, utasikia joto kwenye miguu mpaka urudi nyuma. Joto lile linalokuchoma miguu umelinunua sokoni, na halikuingia katika sufuria. Chuma chembamba kinapokea moto na kuutoa nje papo hapo, kwa pande zote, kama ndoo iliyotoboka.

Mbabula ya udongo ina nguo ya chuma kwa nje, lakini ndani ina kikombe cha udongo uliochomwa, chenye matundu chini pa kupitishia hewa na majivu, na mlango mdogo pembeni. Udongo haupendi kupitisha joto. Unalipokea polepole, unalishika, kisha unalirudisha ndani kwa makala na kwa sufuria. Ile tunayoiona sana sokoni, yenye kiuno chembamba katikati kama ngoma, ilianza kutengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watu wa kule waliona mbabula ya Thailand inayofanana na ndoo, wakachukua kikombe chake cha udongo, wakakiunganisha na kazi ya chuma ambayo mafundi wao waliijua tayari. Kutoka Kenya ilienea Uganda, Rwanda, Burundi, na kufika kwetu. Upande wa Goma, WWF ilianza mwaka 2007 mpango wa EcoMakala wa kupanda miti ya makala kuzunguka Virunga, na mbabula za kupunguza makala zikaingia katika kazi hiyo.

Wala ujuzi huu si wa upande mmoja wa dunia. Wajapani walikuwa na jiko lao la udongo, kamado, tangu zamani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wamarekani waliokuwa kule waliyapenda, wakayapeleka kwao, na leo Marekani kuna majiko ya udongo mazito yenye mfuniko, umbo kama yai kubwa, ambayo watu wanachomea nyama nyuma ya nyumba na kukaushia samaki kwa moshi. Mengine bei yake inapita dola 1.000. Tunalisema kwa sababu moja tu: mtu mwenye feza ya kununua jiko lolote analolitaka anachagua udongo, kwa sababu ile ile inayomfanya mama wa Kadutu auchague. Udongo unashika moto, na moto mdogo unatosha.

Sasa, je, makala yanapungua kweli? Waliopima katika majiko ya watu, kwa kulinganisha na mbabula ya chuma, mara nyingi wameona makala yanapungua kwa theluthi moja, wengine karibu nusu. Tuhesabu kama darasani. Tuseme nyumba inatumia makala ya franka 2.000 kwa siku. Theluthi yake ni kama franka 660. Tuseme mbabula ya udongo inauzwa franka 20.000. Gawa: katika siku 30 hivi imejilipa yenyewe, na kuanzia hapo zile franka 660 ni zako kila siku. Kila mama aweke bei za soko lake mahali pa hizi zetu, hesabu ni ile ile. Na siku ambazo barabara imefungwa na gunia linapanda bei, hesabu inazidi kuwa nzuri kwa upande wa udongo.

Lakini hesabu hiyo inadai jambo moja, na hapo ndipo tulipomkuta mama wetu.

Alijaza mbabula yake mpaka juu. Alijaza kama alivyokuwa akijaza ile ya chuma, makala yakawa mlima, na sufuria ikakaa juu ya makala yenyewe badala ya kukaa juu ya vile vidole vitatu vya kuishikilia. Mlango wa hewa aliuacha wazi toka mwanzo mpaka mwisho. Asubuhi aliwasha kwa ajili ya chai, akaacha moto ufe. Saa tano akawasha upya kwa maharagi. Jioni akawasha tena kwa bugali. Yaani alikuwa na mbabula mpya na mkono wa zamani. Hakuna aliyemdanganya kwa ubaya, lakini sisi wa chama tulikosa: tulimwambia anunue, hatukumwonyesha namna ya kuitumia.

Siku ile tulifanya hivi pamoja naye. Tuliweka makala kiasi cha kufunika sakafu ya kikombe na kupanda hadi nusu yake, si zaidi. Tuliyachagua: vipande vya ukubwa wa yai, bila vumbi, kwa maana vumbi linaziba matundu. Tuliwasha mlango ukiwa wazi, tukangoja mpaka makala yote yawe mekundu na udongo wenyewe upate moto. Hapo wengi wanakosa uvumilivu. Udongo unakula joto la kwanza kabla ya kuanza kulirudisha, na ndiyo sababu kwa kikombe kimoja cha chai mbabula ya udongo haina faida kubwa. Mama ambaye kwake wanakunywa chai tu asubuhi na kula nje mchana, asitumie feza yake hapa. Faida iko katika vyungu virefu: maharagi, sombe, mihogo, nyama ngumu.

Maharagi yalipochemka kwa nguvu tulifunga mlango mpaka ukabaki ufa wa kidole kimoja. Sufuria yenye maji yanayoruka-ruka haina joto kupita ile inayochemka polepole. Maji yakishachemka yamechemka, na moto unaoongeza unatoka na mvuke. Tulifunika sufuria. Maharagi yalikuwa yamelala ndani ya maji usiku kucha, jambo ambalo bibi zetu walilijua na sisi tumelisahau kwa haraka za mji. Tulipoyatoa, bila kuongeza makala tulibandika sombe iliyokwisha kutwangwa, na baada ya sombe maji ya watoto ya kuoga. Moto mmoja, kazi tatu. Mama alisimama mlangoni akatazama makala yaliyobaki ndani ya kikombe, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi nilikuwa ninapikia jirani."

Kuna wamama wanaopenda pia kumalizia maharagi ndani ya kikapu kilichojazwa nguo za zamani ao majani makavu ya migomba: sufuria inatoka motoni ikichemka, inafunikwa vizuri, inaiva yenyewe bila makala. Ni jambo zuri. Ila maharagi mekundu lazima kwanza yachemke kwa nguvu nusu saa nzima kabla ya kuingia kikapuni, kwa maana yana sumu yake ambayo joto dogo haliiondoi, na maharagi nusu-mabichi yanatapisha nyumba nzima. Sombe usiiweke kikapuni. Iache ichemke motoni kama kawaida, kwanza bila mfuniko, kwa sababu majani ya mihogo nayo yana sumu ambayo inaondoka kwa kutwanga na kuchemsha.

Kuhusu kununua, tusifiche: sisi wenyewe tulipigwa. Mwaka tulioanza, tulitoa feza katika sanduku la AVEC yetu, tukanunua mbabula kadhaa kwa fundi mmoja ambaye maneno yake yalikuwa matamu. Zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu nzuri. Kabla ya miezi miwili vikombe viwili vilikuwa vimepasuka na kuanguka vipande, na ndani ya vile vipande tukakuta simenti. Simenti haivumilii moto wa makala. Inakauka, inapasuka, inageuka unga. Tangu siku ile tunakwenda na msumari. Kwaruza kidogo ndani ya kikombe: udongo uliochomwa vizuri ni mgumu na unga wake ni mwekundu ao wa rangi ya tofali, simenti inatoa vumbi la kijivu chini ya rangi. Piga kwa kidole kilichokunjwa, usikie. Kikombe kizima kinalia kama chungu. Chenye ufa kinajibu kama mtu mwenye mafua. Tazama mlango kama unafungika kweli, kwa maana mlango usiofungika ni shimo tu. Tikisa uone kama kikombe kinacheza ndani ya chuma, kikicheza, kitapasuka. Na uiweke sufuria yako kubwa juu yake hapo hapo sokoni, hata kama muuzaji ananuna.

Ukiifikisha nyumbani, moto wa kwanza uwe mdogo, ili unyevu uliobaki katika udongo utoke polepole. Na usiizime kamwe kwa maji. Maji baridi juu ya udongo wa moto yanaupasua siku hiyo hiyo. Ukimaliza kupika, toa makala yaliyobaki uyatie katika sufuria ya zamani yenye mfuniko mzito. Yakikosa hewa yanakufa, na kesho ni makala yako tena.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo lingetosha peke yake kwa habari hii, na tunawaomba musome polepole.

Ilikuwa msimu wa mvua, kwetu nyumbani. Usiku ulikuwa na baridi, mvua ilikuwa imepiga toka saa kumi, nguo za watoto hazikukauka. Mbabula ya udongo ilikuwa barazani, chakula kilikuwa kimekwisha, makala yalikuwa bado mekundu, mazuri, bila moshi hata kidogo. Tuliiingiza chumbani. Tulifikiri tumefanya akili: tunakausha nguo, tunapasha watoto joto, na moto tuliokwisha kuulipa haupotei. Tulifunga dirisha kwa sababu ya mvua.

Kati ya usiku mdogo wao alianza kutapika. Mkubwa alijaribu kusimama aende kumshika, miguu ikakataa, akaanguka kwa magoti. Sisi wenyewe kichwa kilikuwa kinapiga kama nyundo. Jirani aliyesikia kelele alisema karuho, kwamba kuna mtu ametutilia sumu katika chakula. Mwingine alisema malaria. Ni mzee mmoja aliyeona mbabula pembeni ya kitanda akaipiga teke mpaka nje, akafungua mlango na dirisha, akatuambia tuwatoe watoto wote kwenye mvua, tuwaache walowane. Tulikasirika kwa sababu ya ile mvua. Leo tunamshukuru kila tunapompita njiani.

Ilikuwa hewa ya makala. Kwa jina lake la darasani ni monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haikoholeshi mtu. Wale walio na ndugu Goma wanajua mazuku, ile hewa ya ardhini inayolala katika mabonde na kuua mbuzi na hata watu. Hii si ile, lakini ni ndugu yake kwa ubaya, na tofauti ni kwamba hii tunaiwasha sisi. Ukiivuta, inashika damu kwa nguvu inayopita ya hewa nzuri zaidi ya mara 200, basi damu inazunguka mwilini bila kubeba pumzi. Mtu aliyelala haamki. Mama mwenye mimba anaipitisha kwa mtoto aliye tumboni.

Na hapa mbabula ya udongo, ambayo tumeisifu tangu mwanzo, inaweza kuwa mbaya kuliko ile ya chuma. Ile ya chuma inatoa makala yake haraka na kupoa. Hii inashika moto saa nyingi, na kwa kuwa haitoi moshi, inatudanganya kwamba ni safi. Kupika bila moshi si kupika bila sumu. Ipikieni nje, ao barazani, ao katika jiko lenye mlango na dirisha vilivyofunguka. Makala yenye uhai yasiingie chumba cha kulala, hata dakika chache, hata kama mtoto ana homa, hata kama ni mama aliyejifungua jana na bibi anasema apashwe joto. Kichwa kikiuma, tumbo likigeuka na miguu ikikosa nguvu, na watu wawili ao watatu wa nyumba moja wanapatwa pamoja, usingoje: toa wote nje, kisha nenda kituo cha afya na useme wazi kwamba kulikuwa makala ndani. Maziwa hayaondoi hewa hii. Wengi wanapoteza saa nzima wakitafuta maziwa.

Kuhusu moshi wa kila siku tuseme kidogo tu, kwa maana munaujua kwa macho yenu. Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu kwamba moshi na hewa chafu ya kupikia nyumbani viliua watu kama milioni 3,2 duniani katika mwaka 2020, na zaidi ya 237.000 kati yao walikuwa watoto wasiofika miaka mitano.

Wamama wa biashara ya chakula wanatuuliza: na kuchoma? Kwa mahindi, kwa broshete, kwa kuku wa siku kuu, hatuna shaka: ile ya chuma, pana na ya chini, inashinda. Kikombe cha udongo ni chembamba, mahindi matatu yanakijaza, na mafuta ya nyama yakidondoka ndani yanaingia katika udongo na kunuka siku nyingi. Kwa hiyo musitupe mbabula ya zamani. Ikae kwa kazi yake. Ila popote munapochoma, ngojeni makala yapoe kidogo mpaka yapate nguo ya majivu meupe, na inueni wavu. Mafuta yakianguka juu ya moto mkali yanatoa moshi mweusi ambao unarudi juu ya nyama, na ule weusi ndio unaobeba vitu vinavyoleta kansa. Sehemu iliyoungua ikatwe. Najua watoto wanaipigania.

Kukausha samaki kwa moshi ni kazi nyingine kabisa, na watu wanaichanganya na kuchoma. Sambaza na ndakala wadogo hawahitaji moshi. Jua na usafi vinatosha, wakiwa juu ya wavu na si chini kwenye mchanga. Moshi ni wa samaki wakubwa: tilapia, kambale, mikebuka wanaotoka upande wa Uvira. Wale wanahitaji joto la kuwaivisha kwanza, halafu saa nyingi za moto mdogo na moshi mwembamba wa kuwakausha mpaka ndani. Samaki mweusi nje na mwenye maji ndani hakukaushwa. Amepakwa rangi, na wadudu watamfikia kabla ya soko. Ndipo wengine wanapomnyunyizia dawa ya wadudu, na hiyo ni sumu tunayoipeleka kwenye sahani ya mtoto wa mwenzetu.

Kwa nyumba moja, mbabula ya udongo inasaidia vizuri kuliko mtu anavyodhani. Tafuta pipa dogo ao bidoni kubwa la chuma lililokuwa na mafuta ya kula, si la rangi wala la petroli. Toa chini na juu, lichome kwanza likiwa tupu mpaka harufu iishe. Lisimamishe juu ya mawe, mbabula ikiwa chini ndani yake, makala machache na mlango karibu kufungwa. Juu weka wavu, samaki waliooshwa, waliopasuliwa, waliotiwa chumvi na kuchuja maji. Fungua hewa saa ya kwanza ili waive, kisha funga na utie juu ya makala vipande vya mti mgumu vilivyoloweshwa. Usitie msonobari wala sipre, utomvu wake unaleta uchungu na masizi. Usitie mbao zenye rangi, wala plastiki ya kuwashia. Na wavu usiwe wa zinki mpya unaong'aa; zinki ikipata moto mkali inatoa moshi mbaya.

Kwa wale walio katika kikundi na wanaouza, shauri letu ni kuacha mapipa na kujenga tanuru ya tofali. Kuna moja iliyojulikana sana Afrika, inaitwa Chorkor, kwa jina la kijiji cha wavuvi karibu na Accra, Ghana, ambako ilitengenezwa kati ya mwaka 1969 na 1970 pamoja na wamama wenyewe wa kijiji kile. Ni sanduku la tofali za udongo lenye vyumba viwili na midomo miwili ya kutilia kuni. Juu hakuna bomba. Kuna fremu za mbao zenye wavu, zinapangwa moja juu ya nyingine hata kumi, na zile fremu zenyewe zinakuwa bomba linaloshika joto na moshi. Mama anazibadilisha nafasi, ya chini inapanda, ya juu inashuka, badala ya kugeuza samaki mmoja mmoja kwa vidole juu ya moto. Kuni zinapungua, macho yanapumzika, samaki wanafanana rangi, na bei inasimama. Fundi yeyote anayejenga ukuta wa tofali anaweza kuijenga. Kwa mama mmoja ni kubwa mno. Kwa kikundi cha wamama kumi hivi wanaopokea samaki pamoja ndiyo kipimo chake.

Mama mmoja aliuliza pia kwa nini tujisumbue hivi kwa makala wakati misitu bado ipo. Kilo moja ya makala, kwa njia ya kuchoma tunayoijua vijijini, inakula kilo 5 hadi 10 za kuni. Magunia yanayoshuka Bukavu, mengine yanatoka mbali, na mengine yanatoka ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega, ambayo ilifanywa mbuga mwaka 1970 na ambako mto wa shamba la mama wa Kabare unaanzia. Mama wa kijijini anachota maji mbali zaidi kila mwaka, na sisi wa mjini tunalipa gunia ghali zaidi kila mwaka. Ni msitu ule ule.

Siku ya posho ijayo tutapima hadharani. Mama aliyeuliza swali atakuja na mbabula yake ya udongo, na sisi tutaleta ile ya chuma. Kila upande utapewa kilo mbili za maharagi kutoka gunia moja, yaliyoloweshwa usiku mmoja, sufuria zinazofanana, na makala tuliyoyapima mbele ya wote. Yatakayobaki tutayapima tena. Mwenye mizani ya sokoni tunamwomba aje nayo, na mwenye sufuria kubwa yenye mfuniko amjulishe katibu kabla ya siku ya ine. Maharagi yakiiva tutakula pamoja, kwa hiyo kila mmoja aje na sahani yake.